Vichwa Vilivyopigwa Chapa Nyeusi

Jumatatu, 8 Mei 1972

Nisamehe, daftari. Tangu Momanyi azaliwe sijakugusa. Nilisema nitaandika akianza kukaa. Halafu nikasema akianza kutambaa. Sasa anasimama akishika kiti na ndiyo kwanza nakufungua. Ni uchovu tu. Sababu nyingine sina.

Leo kama siku zote. Nimechuma majani ya chai, nimepeleka kituo cha kupimia, nimerudi, nimefua nepi, nimepika. Kerubo amemwaga uji wote. Nimemchapa mkononi, halafu nikambeba mpaka akanyamaza. Ana miaka minne na anajibu kama mwanamke wa sokoni. Momanyi anaota meno, ananiuma titi.

Alasiri wamelala, nikatoa kazi ya Sista Benedikta. Bahasha nene ilifika posta ya Ekerenyo wiki jana. Sista aliishi Uchina ujana wake wote mpaka wakafukuzwa, ndipo akaletwa misheni kule upande wa Mosocho. Mimi nilikuwa msichana wake wa kufua. Akanikalisha mezani akanifunza stempu. Sasa amerudi kwao Ulaya na macho yamekufa, lakini watawa wenzake bado wanakusanya stempu kutoka kwa watu, na za Kichina wananitumia mimi. Nazitambua, naandika kila moja ni ya aina gani na ina thamani gani, nazirudisha. Wakusanyaji wa huko wananunua, zahanati inapata dawa. Mimi napata ya sabuni na sukari.

Naipenda kazi hii. Wachina wa zamani, bei zikipanda au serikali ikianguka, hawakungoja stempu mpya. Walichukua zilizokuwepo wakazipiga chapa nyingine juu, nyeusi, bei mpya. Nyingi ni takataka. Chache watu wanazililia. Kwa hiyo waongo nao wanajipigia chapa zao nyumbani. Unachukua lenzi. Chapa ya kweli imelala chini ya muhuri wa posta, kwa sababu ilikuwepo kabla barua haijatumwa. Ukiona imepanda juu ya muhuri, huyo ni mwongo, weka kando. Halafu unatazama meno ya pembeni. Mwisho unailaza kifudifudi kwenye kisahani cheusi, unadondoshea benzini, na kama karatasi ni ile ya zamani sana, alama iliyofichwa ndani yake inajitokeza. Duara, na ndani yake kama viluwiluwi wawili wanafukuzana. Benzini ikikauka linapotea.

Kwamboka aliingia kuomba chumvi wakati duara liko wazi. Ni mke wa Ombati, ndugu ya mume wangu. Milango yetu inatazamana. Sijui alisimama nyuma yangu tangu saa ngapi.

"Hilo jicho ni la nani?"

Nikacheka. Nikamwambia ni karatasi ya Wachina tu. Yeye hakucheka. Mtoto wake Onchiri alikuwa mgongoni, homa, vipele mpaka kwenye kope. Nimempa chumvi. Nimemwambia ile ni surua, ampeleke zahanati leo leo. Anasema Ombati amekataa, surua haitaki sindano. Nimekasirika. Sikumfuata.


Jumatano, 10 Mei

Onchiri amekufa asubuhi. Umri mmoja na Momanyi wangu.

Tumemzika leo hii hii. Ombati hakulia. Aliwanyang'anya vijana jembe akachimba mwenyewe, kwa nguvu mpaka mpini ukavunjika. Halafu akamgeukia Kwamboka na ule mpini. Mbele ya watu wote. Mgongoni, kichwani, anamuuliza amemlisha mtoto nini. Wanaume walitazama viatu vyao. Mama, yaani mama yao Ombati na mume wangu Osoro, aliingia katikati akapigwa moja ya bega. Mimi nilimshika mkono. Alinisukuma nikaangukia udongo wa kaburi.

Kwamboka alikaa chini hakujikinga. Maziwa yalitoka yakalowesha gauni, mabaka mawili. Hakujua. Nikamfunika na leso yangu.

Nilimshikilia Momanyi mpaka akalia kwa kubanwa.


Jumamosi, 13 Mei

Sabato. Mimi nilibatizwa Katoliki lakini hapa naenda na Mama. Leo benchi letu tulikaa peke yetu, mimi, Mama na watoto. Watu walisimama ukutani kuliko kukaa karibu. Mama aliimba kwa sauti kuliko kawaida.

Kurudi, mlango wangu uko wazi. Ombati amekaa kwenye kiti changu, mkebe wa stempu amefungua, amepanga juu ya meza zile za mzee wa Kichina mwenye kola. Ziko nyingi sana za mzee huyo, hazina thamani. Uso mmoja, rangi mbalimbali, na kila moja chapa nyeusi imepita juu ya uso.

"Hawa ni nani?"

"Ni mtu mmoja tu, shemeji. Mkubwa wa Uchina. Alikufa zamani."

"Umesema mwenyewe. Amekufa. Na huyu?"

"Ni yeye."

"Na huyu mwekundu?"

"Ni yeye yule."

"Mtu mmoja anakufa mara ngapi, mama Kerubo?"

Nilitaka kucheka, nikaona panga liko magotini kwake.

"Nyote mnafikiri sioni. Mtu akimalizwa mnampiga nyeusi usoni. Nionyeshe Onchiri. Yuko wapi hapa? Ni huyu kijani?"

Nikamwambia aondoke nyumbani kwa ndugu yake. Alinipiga kofi nikaona moto. Akaniinamisha juu ya meza, kichwa kati ya zile stempu, nimtafutie mtoto wake. Nikamuuma kidole gumba. Niliuma mpaka mfupa. Damu yake ilinijaa mdomoni, alipiga kelele kama ng'ombe. Mama akaja na mchi.

"Toka! Nilikuzaa mimi, nitakurudisha mwenyewe!"

Alitoka. Mlangoni akamtazama mama yake mzazi, akasema, "Kwa hiyo ni wewe uliyemfunza."

Hiyo ndiyo mbaya. Mimi ni mgeni, nimeolewa tu hapa. Mtu akisema omorogi, mchawi, huku kwetu, watu wanatafuta mwanamke mzee.

Kerubo alikuwa chini ya kitanda wakati wote. Amejikojolea. Sikumgombeza.


Jumatatu, 15 Mei

Nimempa dereva wa lori la majani ujumbe ampelekee Osoro kiwandani Kericho. Njoo. Ndugu yako amepotewa na akili. Osoro huja mwisho wa mwezi tu. Dereva ameapa ataufikisha.

Nimerudi kwenye kazi ya Sista. Na leo, daftari, leo katikati ya haya yote nimeiona.

Ilikuwa kwenye bahasha ndogo ya chini, rangi ya machungwa, ya enzi za malkia mzee wao. Nilidhani ni ya kawaida. Nikaiweka chini ya lenzi, chapa imesimama kichwa chini, miguu juu. Mchapishaji aliingiza karatasi vibaya siku hiyo. Nikajiambia ni mwongo huyu. Nikatafuta muhuri wa posta: umepita juu ya chapa, wazi kabisa, wino wa muhuri umeikata. Meno mazuri. Nikaiweka kwenye kisahani. Duara likaja. Nikafungua katalogi. Mahali pa bei kuna kistari tu. Sista alinifunza: kistari maana yake hazijaonekana za kutosha mtu ajue bei.

Nilikaa nayo kwenye kibanio kama mtu amekamata kipepeo. Nilitamani Sista aione. Nilitamani Osoro aione. Nikamwonyesha Momanyi, akataka kuila.

Nilipotoka kuanua nguo, mbuzi wangu alikuwa amechinjwa mlangoni. Kichwa kimekatwa kimewekwa kwenye kizingiti, na usoni wamempaka masizi. Mstari mmoja, mweusi, juu ya macho.

Nimezika kichwa. Nyama Mama amekataa tusile, amezika pia. Ninaogopa. Ninaogopa sana.


Jumanne, 16 Mei

Mama alienda sokoni Ekerenyo na ndizi zake. Nilimwambia asiende. Akasema hajaiba kitu cha mtu, kwa nini ajifiche.

Amerudi bila ndizi na bila kitambaa cha kichwa. Jicho moja limefunga. Walimrushia mawe, tena ni watoto walioanza, wanawake wakafuata. Mwanamke waliyebatizwa naye siku moja alimtemea mate. Nimemkanda na maji ya chumvi. Mgongoni kuna alama za mawe, na moja imechana ngozi ya mbavu. Hakulia. Alisema tu, "Ndizi zilikuwa nzuri."

Nikasema nitachoma zile karatasi zote, sasa hivi, mbele ya watu, waone yamekwisha.

"Ukichoma utakuwa umekiri, mokamwana. Watasema tulikuwa nazo kweli."

"Basi tuondoke. Twende kwa dada yangu."

"Mume wangu amelala hapo kwenye migomba. Nitamwambia nimekimbia nini?"

Nimekasirika naye. Nimemwambia ana kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Akasema ndiyo maana mawe hayajamuua. Tukacheka, yeye ameshika mbavu. Halafu akalala na nguo zake.


Alhamisi, 18 Mei

Nimekwenda kwa naibu wa chifu. Amenisikiliza mlangoni, hakunikaribisha ndani. Anasema mambo ya uchawi hayana karatasi, alete askari kwa kesi gani? Anasema afadhali yule bibi mzee asafiri kidogo. Nilimtajia mbuzi, mawe, panga. Akasema pole.

Njiani wanaume waliokuwa wanapalilia chai walisimama wote kunitazama nikipita. Hakuna aliyesalimu. Mmoja alikuwa ananoa panga kwenye jiwe, akaendelea kunoa, taratibu, akinitazama.

Kwamboka alikuwa kisimani. Shavu limevimba. Nikamwambia, "Kwamboka, wewe uliona. Ni karatasi na benzini." Akajaza mtungi. Akasema, "Niliona jicho. Na kesho kutwa yake sikuwa na mtoto. Wewe ungesema nini?"

Nimemchukia na nimemhurumia, vyote kwa pamoja.

Osoro hajaja.


Jumapili, 21 Mei. Hospitali, Kisii

Naandika nimekaa sakafuni, chini ya kitanda cha Mama. Mkono wangu wa kushoto umefungwa. Wa kulia unaandika; wewe, daftari, ulikuwa mfukoni mwa sketi yangu.

Walikuja Ijumaa mchana kweupe, baada ya majani kupimwa. Nilisikia kwanza filimbi. Halafu vishindo. Momanyi alikuwa amelala ndani, Kerubo yuko nami nje tunachambua mboga za chinsaga. Mama yuko kwake, anapumzisha mbavu zake. Nyumba yake ni ya nyasi, iko hatua chache tu kutoka kwangu.

Walikuwa wengi. Wanaume wa ukoo, vijana wa kituo cha chai, wanawake nyuma wamebeba majani makavu ya migomba. Watu ninaowajua. Yule wa kupima majani alikuwepo. Ombati mbele, kidole kimefungwa kitambaa. Hakuna aliyepiga kelele mwanzoni, hilo ndilo liliniogopesha. Walifanya kama watu wa kazi. Wengine walizungushia nyumba ya Mama majani makavu, mwingine akawasha.

Mama alitoka kwa sababu ya moshi. Wakamdaka mlangoni. Kijana mmoja alimpiga rungu gotini, nilisikia limevunjika, kama kijiti cha kuwashia. Akaanguka. Wakamwagia mafuta ya taa mguuni na kwenye gauni. Alikuwa akiwaita kwa majina. Wewe mwana wa fulani, nilikukata kitovu. Wewe, nilikulea mama yako akiwa mgonjwa. Kila aliyetajwa alimpiga.

Nilichukua mchi. Wa kwanza nilimpiga mdomoni, meno yakatoka. Wa pili alinikata mkono kwa panga, hapa juu ya kiwiko. Nikampiga na mchi tena, goti, akalala. Sijawahi kumpiga mtu mzima maishani mwangu. Nilitaka kuwaua. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Lakini wengi ni wengi. Walininyang'anya mchi. Mmoja alikuwa ameshika kijinga cha moto, ananyoosha kuelekea mguu wa Mama. Gauni likashika.

Hapo nikamwona Kwamboka akitoka mlangoni kwangu na Momanyi mikononi. Anakimbia naye. Na moto uko mbele yake. Nilidhani anakwenda kumtupa.

Mtoto upande huu, Mama anaungua upande huu. Mama ndiye alikuwa karibu. Mungu anajua.

Nilijichomoa nikaingia ndani. Sikufikiri. Mkebe ulikuwa mezani na stempu zote, nilizotambua na nisizotambua. Nikatoka nao nimeufungua, nikachota konzi ya wale wazee wenye nyeusi usoni, nikawarushia.

Zilipeperuka juu yao kama kumbikumbi. Moja ilimkaa kijana kwenye jasho la shingo. Akapiga yowe ambalo sijasikia kwa mwanamume. Akaanza kujikwaruza na kucha mpaka ngozi inatoka. Mwenye kijinga alikitupa. Nikachota nyingine. Nikapaza sauti, nikamtaja mmoja mmoja kwa jina kama alivyofanya Mama, na kila jina konzi moja. Yule wa kupima majani alikimbia akavunja ua. Waliangushana. Wanawake walifunika watoto vichwa. Ombati peke yake alibaki amesimama, stempu iko kifuani kwake, anaitazama. Halafu akakaa chini pale pale, akafunika uso.

Nilijitupa juu ya Mama nikazima gauni kwa mwili wangu na udongo. Nikamburuta kwenye migomba, Kerubo ameshika sketi yangu. Nyuma yetu paa la Mama liliporomoka. Sikugeuka. Mkebe niliuacha umepinduka kwenye tope, na ile ya machungwa ilikuwa ndani yake, au hewani, au kwenye nywele za mtu. Sijui ni konzi ipi iliyokwenda nayo.

Barabarani nilimlaza Mama kwenye nyasi, nikageuka nirudi kumtafuta mwanangu. Nilikuwa nimeokota jiwe. Ningempiga Kwamboka kichwani bila neno.

Akatoka kwenye michai. Peke yake, miguu imechanika. Momanyi yuko kifuani kwake, amelala, kidevu kimelowa maziwa. Kwamboka alimtoa kwenye titi polepole ili asiamke, akanipa. Alisema neno moja.

"Ameshiba."

Halafu akarudi alikotoka. Nilibaki nimeshika mtoto mkono mmoja na jiwe mkono mwingine.

Lori la majani ndilo lililotubeba mpaka Kisii. Mama alilazwa juu ya magunia ya chai. Kila shimo la barabara alilia, na alipolia nilishukuru, kwa sababu alikuwa hai.


Jumatano, 24 Mei

Osoro amefika jana. Dereva alikuwa mgonjwa, ujumbe wangu ulichelewa.

Alipomwona mama yake alitoka nje akapiga ukuta kwa ngumi mpaka vifundo vikapasuka. Nesi alimfunga palepale. Mguu wa kulia daktari ameukata juu ya goti, ulikuwa hauponi tena. Mkono umeungua, na shingo upande mmoja. Atapona, anasema. Mama alipoamka aliuliza kama nyumba imebaki. Nikamwambia hapana. Akafunga macho. Baadaye akaomba chai.

Askari walikwenda. Wamewakamata wachache, wengine wamekimbia. Ombati hajulikani alipo.

Osoro amesikia habari njiani, kila kituo wanasimulia. Alikaa nami nje kwenye benchi. Nilimweleza yote tangu duara mpaka jiwe. Alisikiliza vizuri. Ni mtu mwema, hajawahi kuniinulia mkono. Mwishoni akauliza:

"Mbona uliwarushia, Moraa?"

"Walikuwa wanamchoma mama yako."

"Najua. Lakini mbona waliogopa hivyo? Yule kijana amevimba shingo mpaka leo."

"Amejikwaruza mwenyewe, Osoro."

"Sawa," akasema. "Sawa."

Lakini kwenye benchi alikuwa amesogea. Kidogo tu, kama mtu anayempisha mtu apite. Hakuna aliyekuwa anapita.

Hilo limeniuma kuliko panga.


Jumapili, 4 Juni. Masimba

Chumba kimoja nyuma ya duka. Osoro amekitafuta kabla ya kurudi Kericho. Mvua inapiga bati. Mama analala karibu na dirisha, mguu juu ya mto. Leo amekunywa uji kikombe kizima na amenigombeza kwa sababu umeungua. Nimefurahi kugombezwa.

Hapa hakuna anayetujua bado. Wanasema yule mama mwenye mama mgonjwa. Inatosha.

Kurudi hakuna. Najua. Siku ile niliwapa walichotaka kuona, na nikakiri kwa mikono yangu mwenyewe kitu ambacho sicho. Kerubo jana alikuwa anacheza nje na wenzake. Mmoja akamnyang'anya kibuyu. Kerubo akaokota karatasi ya peremende, akamwelekezea usoni. Nilimwita ndani. Sikumchapa. Nilimkalisha mapajani nikamwambia ni karatasi, mama, ni karatasi tu. Akasema ndiyo. Aliniangalia kama baba yake alipokuwa akisema sawa.

Bahasha nyingine ya watawa ilikuwa imefika Ekerenyo, Osoro aliileta kabla hajaondoka. Aliishika kwa ncha za vidole, akaiweka nje kwenye ngazi. Nimeiingiza ndani. Nitamwandikia Sista kwamba za mwanzo zimepotea, pamoja na ile ya machungwa. Atasomewa. Atalia kidogo, halafu atauliza Mama anaendeleaje. Nikishamaliza hiyo barua nitaifungua bahasha. Kazi ni kazi, na zahanati haijaacha kuhitaji dawa.

Jana dereva wa lori alisimama hapa. Ana ujumbe kutoka kwa Kwamboka. Yuko peke yake kule sasa, nyumba mbili na kaburi dogo. Nyumba yangu haikuungua na hakuna mtu anayethubutu kuingia. Yeye ameingia. Amefagia. Anauliza nini atutumie.

Nilifikiri nitakataa. Nimefikiri tangu jana. Leo asubuhi nimemwambia dereva, akarudia mbele yangu mpaka akashika, na hapa naandika nisisahau, vikija nikague:

Blanketi la kijivu la Momanyi.

Sufuria ile yenye mkono mmoja, na mwiko.

Gauni mbili za Mama nilizokuwa nimefua, ziko kwenye kamba ya ndani. Zile pana, zisizobana shingo.

Kiatu cha Mama cha kushoto, jozi aliiacha kwangu. Cha kulia akae nacho, au ampe mtu.

Kitabu cha nyimbo, kama hakikuwa kwenye nyumba iliyoungua.

Jembe dogo.

Mafuta ya samli, kama ng'ombe bado anakamuliwa.

Mbegu za chinsaga, konzi moja. Hapa nyuma ya choo kuna kipande cha udongo mzuri, na mwenye nyumba amesema nilime.